Stadi Tano za Pikapu ya Baba

Pikapu ya baba ilikaa uani miaka tisa juu ya matofali, bila hata gurudumu moja. Baba alimwazima jamaa yake magurudumu yote manne kwa siku mbili. Jamaa hakurudi, magurudumu hayakurudi, na baba kwa ustaarabu wake hakwenda kuyadai. Mchana, jua likishapita ukuta, mwanga uliingia chini ya gari na kuyameza yale matofali, na pikapu yote ikaonekana inaelea shibiri moja juu ya ardhi. Mimi hushonea dirishani. Niliitazama mara nyingi mpaka sindano ikanichoma.

Humo ndani ndimo alimobaki baba. Nje ya gari alikuwa mgeni mpole aliyenishukuru kwa chai kama nimemuuzia, akaniita "mama" kwa adabu, akaniuliza kama mwenye nyumba yupo. Lakini kila siku saa tisa alasiri alifungua mlango wa dereva, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akaketi, na mgongo wake ukanyooka. Aliingiza gia. Aliangalia kioo cha pembeni kabla ya kukata kona aliyoiona yeye peke yake. Alitoa mkono dirishani kumshukuru dereva aliyempisha. Kwa saa moja nilikuwa na baba, hata kama hakunijua, na saa hiyo ilinitosha.

Jumanne kaka yangu, fundi mwashi, akaja na kamba na vigingi. Jumamosi alitaka kuchimba msingi wa vyumba vitatu, na pikapu ilikaa palepale penye chumba cha kati.

"La kuvunda halina ubani, dada," alisema. "Nimeongea na mchomeleaji. Ijumaa alasiri anakuja kulikata."

"Aanze kukukata ulimi."

"Basi lihame. Nyuma ya jiko pana nafasi. Likiwa na miguu tutalisukuma. Likikosa miguu, mimi sina winchi mfukoni."

Kaka hana roho mbaya. Ana watoto watano wanaolala chumba kimoja, na mara mbili nimemwona akijificha nyuma ya kisima akilia baba alipomuuliza jina lake. Lakini siku hiyo nilimchukia kwa moyo wote.

Kesho yake asubuhi nikaingia chini ya mkunjo wa bodi ya pikapu, pale linapokaa gurudumu, na tepu yangu shingoni. Mimi nimepima viuno vya mji huu, vya kweli na vya kujibana pumzi, na sijawahi kurudishiwa nguo. Kwenye uso wa ngoma ya breki zilikuwa zimejipanga stadi tano kwa duara, vile vyuma vifupi vyenye hesi ambavyo rimu huvishwa kisha ikakazwa kwa nati. Nilisukuma ngoma kwa kiganja. Ilizunguka huku ikinung'unika. Zote nne zilizunguka, nikamshukuru Mungu.

Muuza rimu hutaka kujua mambo mawili: stadi ziko ngapi, na duara linalopita katikati ya zote lina upana gani. Zingekuwa sita nisingehangaika, maana kila moja ingetazamana na mwenzake upande wa pili, nami ningevuta tepu moja kwa moja. Tano hazitazamani. Kila moja inatazama pengo. Nikaruka moja, nikapima toka katikati ya stadi hadi katikati ya ile iliyo baada ya hiyo niliyoiruka, kama ninavyopima bega kwa bega. Inchi nne na robo tatu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Vumbi la kutu lilikuwa likipanda polepole ndani ya mwanga, jekundu, kila chembe na njia yake, na ghafla nikawa mtoto wa miaka saba nimelala kifudifudi kando ya bega la baba, gerejini kwake. Nilisikia harufu ya grisi. Midomo yake ilisema kitu, kidole chake kikagusa chuma, na sauti haikunifikia. Nilitega sikio mpaka nikasikia wifi yangu, mke wa kaka, akiniita kwamba mteja amekuja kunifuata.

Muuza rimu tunamwita Profesa. Uani kwake rimu zimetundikwa ukutani toka chini hadi juu, kila kundi limeandikiwa vipimo vyake kwa rangi nyeupe, na upepo ukipita kwenye matundu yale ukuta mzima unaguna kwa sauti ya chini. Nilisimama nikisikiliza hadi akakohoa.

"Matundu matano," nikamwambia. "Inchi nne na robo tatu."

"Ulipima kutoka wapi hadi wapi?"

"Mzee, mimi ni fundi cherehani miaka ishirini. Usinifundishe kushika tepu."

Akanishushia magurudumu manne, nikayapakia kwenye mkokoteni, nikarudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi kaka alipiga jeki, tukanyanyua gurudumu la kwanza. Stadi mbili zilichungulia matunduni. Tatu ziligonga chuma. Tuligeuza, tukasukuma, tukapiga kwa kiganja, tukajaribu la pili na la nne. Yote yalikataa.

"Akili ni nywele," kaka akasema taratibu, "lakini dada, hizi zako leo zimenyolewa." Aliponiona uso akaacha mzaha. Akaenda kumpigia simu mchomeleaji kumthibitishia kesho.

Nilikaa chini vumbini nikalia, sikujali nani ananiona. Nililia kwa hasira kuliko huzuni. Ni mimi niliyekosea, kwa tepu yangu mwenyewe, na sikujua nimekosea wapi.

Saa tisa ikafika, na baba akaja kwenye gari lake kama kawaida. Alikuta gurudumu limelala njiani. Alilitazama, akaitazama ngoma, akachuchumaa kwa shida kando yangu, akaivuta tepu shingoni mwangu bila kuomba. Hakuweka ncha yake katikati ya stadi. Aliiweka kwenye ukingo wa nje, mgongoni kabisa, akairuka moja, akaivuta hadi katikati ya ile ya pili.

"Inchi tano," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya gereji. "Ukipima kati kwa kati kwenye stadi tano, umepita njia ya mkato, duara hulipati. Anzia mgongoni. Hii nusu ya unene wa stadi ndiyo inayofidia kilichopungua. Wengi huteleza hapa, kwa sababu hiyo nne na robo tatu nayo ipo, ni ya gari jingine."

Aliyaangalia machozi yangu, akanihurumia.

"Kwani, mama, baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha," nikasema. "Mimi ndiye niliyesahau."

Aliniinamia. "Basi usimwambie. Ataumia."

Jioni ileile nilirudi kwa Profesa nikiwa na adabu zote. Manne ya inchi tano yalikuwa yamekwisha kupangwa mlangoni. "Nilijua utarudi," alisema, nami nikamwomba radhi, akacheka akanisaidia kupakia.

Ijumaa nati ziliingia kwa vidole. Mchomeleaji alifika na mitungi yake wakati gurudumu la mwisho linagusa ardhi, akazunguka gari mara moja, akavua miwani, akaungana na vibarua wa kaka kusukuma. Baba alikuwa tayari kwenye usukani. Kaka akanifungulia mlango wa pili niketi na baba.

Pikapu ikaguna, ikaondoka. Ilikuwa safari ya hatua arobaini. Ukuta ulipita dirishani, kisha kisima, kisha kamba ya nguo, na mkono wa gauni bichi ukanipapasa shavu. Nyuma yetu watu wote walisukuma, na niliona tunaweza kuendelea hivyo, polepole, kupita jiko, kupita ukuta. Baba alikata kona ya jiko bila kuligusa. Alisimama mahali pake barabara, akavuta breki ya mkono, na kaka akaweka jiwe.

Baba akanigeukia.

"Nikushushe hapa, mama?"

"Ndiyo, hapa hapa. Mimi nakaa nyumba hii."

Aliitazama nyumba kwa muda mrefu, mlango wake, dirisha langu. Uso wake ukachanua.

"Hata mimi nakaa hapa! Kumbe tu majirani."

"Majirani wa siku nyingi, baba," nikamwambia.