Silaha Itakayomfaa Saquina

Alhamisi ya nne mfululizo Rafique alimpindua Saquina na baiskeli yake njiani, akaondoka na beseni la vitumbua. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa nyumbani walitandika mkeka uani, wakakaa kumchagulia silaha. Walikuwa watatu: Saquina mwenyewe, mama yake mdogo Bi Sumaia, na jirani yao Mzee Buanali, fundi wa kunoa mapanga, aliyealikwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na vitu vya kuonyesha.

Hali ya Saquina ilijulikana kijiji kizima cha Nambindu. Polio ilimchukua miguu yote miwili akiwa na miaka mitatu, na mkono wa kushoto ilimwachia nusu: unashika, hauinuki. Mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa, na huo ndio uliozungusha pedeli ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, kutoka nyumbani hadi njia kuu iendayo Mute, alikouza vitumbua kwa wasafiri. Hapo ndipo penye tabu. Mkono ukishika silaha, baiskeli inasimama. Baiskeli ikienda, silaha iko mapajani inapumzika. Mwizi hahitaji akili nyingi kuligundua hilo, na Rafique, tuseme ukweli, hakuwa nazo nyingi. Alikuwa kijana wa mtaa wa pili, mwenye shati jeupe na miguu mizuri.

Mtu atauliza mbona hawakwenda polisi. Walikwenda. Posto ya Nambindu ina ngazi tatu za saruji, na kitabu cha malalamiko kiko ndani, mezani. Chefe wa posto, yaani mkuu wake, Senhor Eusébio, mtu mstaarabu aliyehamishwa kutoka kusini, alimweleza Saquina mara nne, akiwa amesimama barazani, kwamba mlalamikaji sharti akae mbele ya kitabu, na kitabu hakishuki. Kumbeba, polisi wake walikataa. Walisema hawawezi kumshika mwanamke asiyewahusu, watu watasema. Kutambaa alikataa Saquina mwenyewe.

"Siingii serikalini kwa tumbo," alisema.

Ombi la kujengewa njia ya mteremko lilikuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo, na habari zilisema limefika salama.

Basi wakaanza na panga. Buanali alileta kumi, akayalaza mkekani, makubwa upande wa kibla. Saquina akachagua moja jembamba na alilipenda sana. Lakini njiani kuna wanajeshi, na tangu vita ianze, panga likiwa mapajani mwa mtu linaulizwa maswali mengi kuliko mtu mwenyewe. Jumamosi walimsimamisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri akieleza kwamba yeye ndiye anayeshambuliwa. Vitumbua vikapoa, na panga likarudi kwa mwenyewe.

Pilipili ya unga ilijaribiwa Jumapili. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na Saquina na Bi Sumaia walishinda siku ile wakioshana macho.

Filimbi ilikuwa wazo la Bi Sumaia. Filimbi haitaki mkono, alisema, inakaa mdomoni. Jumatatu Saquina akaipuliza mara moja tu, kuijaribu, palepale uani. Tangu vita, watu wa Nambindu wakisikia filimbi hawaji. Wanakwenda. Kabla hajavuta pumzi ya pili kijiji kizima kilikuwa kimeshabeba mikeka, masufuria na wagonjwa, kimeingia porini, chefe wa posto akiwa mbele. Hata Bi Sumaia, aliyejua kwamba ni majaribio, alijikuta amefika kwenye mikorosho. Walirudi Jumanne. Saquina alikiri kwamba alipokuwa peke yake kijijini hakuna mtu aliyemgusa, ila hapakuwa pia na mnunuzi.

Jumatano ilikuwa bamvua. Maji yalikupwa mbali, na Bi Sumaia akaenda na wanawake wenzake miambani kuchokoa pweza. Kwenye shimo moja aliingiza nondo yake, nondo ikanyakuliwa. Pweza akatoka nayo, mkubwa, akaitazama pande zote, kisha akamrudishia kwa upande wa kushikia. Mtandio wa Bi Sumaia ulikuwa umeanguka majini. Pweza akamwokotea, akaukamua kwanza. Bi Sumaia alishaua pweza wengi na hakuwa na huruma nao, lakini alijua kutofautisha kitoweo na mtu wa kazi. Akamwuliza kama ana shughuli. Hakuwa nayo, akaingia ndooni mwenyewe.

"Mwanangu," Bi Sumaia alimwambia Saquina akiitua ndoo uani, "wewe mkono wa kazi unao mmoja. Huyu anayo minane."

"Lakini hii ni halali?" Mzee Buanali akauliza.

"Kumla halali. Kumpa kazi itakuwaje haramu?"

Mzee Buanali akaifunga ndoo mbele ya baiskeli kwa mpira wa gurudumu. Pweza akajigawia kazi bila kuambiwa: minyiri miwili kwenye pedeli, mmoja kwenye breki, mmoja wa kushika mwavuli. Minne ikabaki kwa ajili ya ulinzi. Kesho yake wanajeshi walimkagua, wakaona hana chuma, wakamruhusu apite. Wasafiri waliuliza kama anauzwa. Wakaambiwa yuko kazini, wakanunua vitumbua.

Rafique alikuja baada ya adhuhuri, kama ada yake. Akasalimia, maana alilelewa vizuri, kisha akanyoosha mkono kwenye beseni. Pweza akamkamata mkono huo, halafu wa pili, halafu mguu, na kwa mnyiri wa nne akampekua mifukoni, akatoa simu ya Saquina iliyochukuliwa Alhamisi ya pili. Akaifuta mafuta ya vitumbua, akampa mwenyewe. Baada ya hapo alilimwagia wino lile shati jeupe, akaendelea kumshikilia mpaka alasiri. Watu walipita, wakaamkiana naye, wakaenda zao.

"Dada Saquina, mwambie aniachie," Rafique alisema.

"Alhamisi iliyopita nilikuomba uniinue mchangani. Ulisema una haraka."

"Leo sina."

"Basi kaa."

Siku ile Saquina alifurahi. Alifurahi mpaka akahisi furaha imeshuka kwenye magoti, mahali ilikokuwa haijafika kwa miaka mingi. Aliuza beseni zima, akarudi nyumbani katikati ya njia badala ya pembeni, pweza akizungusha pedeli na yeye akiwa amekunja mkono wake mzima.

Rafique naye alipoachiwa alikwenda moja kwa moja posto. Alizipanda ngazi kwa hatua moja, akaketi mbele ya kitabu, akaandikisha kwamba ameviziwa kwa silaha isiyo na dokumento. Ijumaa karatasi ya wito ikafika: Jumatatu asubuhi, mwenye silaha alete silaha.

Jumatatu polisi wawili walishuka, wakaibeba ndoo huku na huku, mmoja akisema "polepole, polepole" ili maji yasimwagike. Wakamwingiza pweza ndani, wakamwekea kiti karibu na dirisha apate hewa. Saquina akabaki chini juani pamoja na Bi Sumaia, wakisikiliza.

"Bom dia," Senhor Eusébio alimwambia pweza. "Unajua kuandika?"

Pweza akachukua kalamu, akaichovya kwenye wino wake mwenyewe. Aliandika ukurasa mzima: Rafique alivyokuja, alichoshika, simu ilipokuwa na ya nani. Akiandika, mnyiri mwingine ulikuwa unanyoosha mhuri uliokaa upande, na mingine mitatu inapanga mafaili yaliyolala sakafuni tangu Januari. Senhor Eusébio aliusoma mwandiko ule polepole sana. Alikuwa na miaka minne anaomba karani.

"Haya yote ni kweli," alisema. "Lakini ni maelezo ya shahidi. Malalamiko hayapo. Mlalamikaji hajafika."

"Niko hapa chini," Saquina alisema.

"Nakusikia, minha senhora. Lakini hujafika."

Rafique akaambiwa aende nyumbani akafue shati. Silaha ikazuiwa posto iwe kielelezo, na kufika Jumatano kielelezo kilikuwa na meza yake, kofia, na saa ya kula. Watu waliokwenda kuchukua vyeti walimsifu. Walisema sasa mtu anahudumiwa upesi, na wanne kwa mpigo.

Alhamisi Rafique alimpindua Saquina palepale, akachukua beseni na simu. Wapita njia walimwinua. Hakwenda nyumbani, aligeuza baiskeli mpaka posto, nyonga ikimuuma na mchanga ukiwa bado kwenye nywele, na Bi Sumaia akamkuta chini ya dirisha akiita.

"Pweza! Ni mimi."

Mnyiri mmoja ukatoka dirishani. Saquina akainua mkono wake mzima kuupokea, na moyo ulimruka, kwa kuwa alidhani anashikwa mkono. Aliwekewa karatasi kiganjani. Mwandiko ulikuwa mzuri na mhuri umenyooka sawasawa: Malalamiko hupokelewa ndani, mezani, saa mbili hadi saa tisa. Mnyiri ukarudi ndani na kufunga dirisha kwa adabu.

Saquina aliisoma mara mbili. Alikuwa hajalia kwa ajili ya Rafique hata Alhamisi moja, lakini kwa karatasi ile alilia, tena kwa sauti, mbele ya watu wa vyeti. Bi Sumaia alimwacha amalize. Kisha akamfuta mchanga shingoni kwa ncha ya mtandio, akahesabu siku kwa vidole.

"Bamvua linarudi Jumatano," alisema. "Nitakutafutia mwingine. Safari hii nitamwuliza kwanza kama anajua kuandika. Akijua, tunamla."