Nyayo Mbele ya Jeneza

Nina studio ya picha Makambako, lakini nyumbani kwangu hapakuwa na picha hata moja ya mama mkwe. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, unampisha. Sasa ungempigaje picha?

Siku ya kumzika, kule Kitandililo, mke wangu Esteria aliniambia, "Baba Erica, nataka picha moja tu na mama. Jeneza likishafungwa, basi."

Ukungu ulikuwa umeshuka na chini ya turubai palikuwa giza. Nikafunga flashi juu ya kamera. Ni ya bei rahisi, haijipimii mwanga. Unaipangia nguvu kwa mkono, nayo inatoa hiyo hiyo. Nikaijaribu kwa shemeji yangu Yohanes, aliyesimama kando ya jeneza likiwa bado limefunikwa. Picha safi.

Wakafunua. Esteria akasimama kichwani pa mama yake. Nikapiga. Giza.

Yohanes akachungulia kioo cha kamera. "Shemeji, hapa umempiga mama au umepiga pango?"

Nikabadilisha betri, nikafuta vyuma vya chini ya flashi, nikapiga tena. Giza zaidi. Nikaongeza nguvu. Wanakwaya wakapita karibu yangu, nikawajaribu: weupe kama unga. Nikamrudia Esteria: giza.

Mchungaji alishafungua kitabu. Seremala akashika mfuniko.

"Ni hii flashi," nikasema.

"Ni miguu yako," Esteria akasema. "Tazama chini."

Udongo ulikuwa umelowa. Nyayo za viatu vyangu zilianzia karibu na jeneza, zikarudi nyuma, zikarudi tena, mpaka kwenye kamba ya turubai. Kila nilipomwelekea mama mkwe nilikuwa narudi nyuma bila kujua, na mwanga wa flashi hauendi mbali.

Mjomba Efraimu, kaka wa marehemu, akanishika bega. "Sogea, mkwe. Lawama nitabeba mimi."

Nikavua kofia. Nikarudisha nguvu ya mwanzo, nikakanyaga nyayo zangu za kwanza.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikamtazama.

Nikapiga. Ikatoka.

Seremala akafunga. Esteria akaiangalia ile picha kwa muda mrefu, kamera ikiwa bado shingoni mwangu.

"Kumbe alikuwa na kovu juu ya jicho," nikasema.

"La jembe, tangu utotoni. Miaka yote hii hukujua?"

"Ningejulia wapi?"