Mashine ya Kwendea Shela

Mume wangu Abdulhalim alizikwa Shela, alikozaliwa, na mimi kaburi lake sikuliona. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Walimtoa mlangoni wakashika njia ya pwani, ile ile tuliyokuwa tukiitembea mimi na yeye kila siku baada ya sala ya alfajiri, nami nikabaki ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi, huku mji mzima wa Amu ukipita chini ya dirisha langu na shughuli zake.

Kuna wanaosema mjane akikaa eda anapumzika. Wapumzike wao. Mimi nina sukari, na miguu yangu isipotembea inakufa ganzi, inaanza vidoleni inapanda. Daktari aliniambia zamani, Abdulhalim akiwa amekaa kando yangu, kwamba dawa yangu ya kwanza ni kutembea, vidonge baadaye. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Tunatoka giza halijaisha, yeye mikono nyuma, mimi namhimiza kwa sababu anasimama kumsalimia kila mtu na kuuliza hali za jamaa zake wote, tunafika Shela jua linachomoza, tunakunywa chai kwa dada yake, tunarudi Amu na boti. Hatukuwa na maneno makubwa njiani. Alipenda kuniambia nani anajenga na nani anauza, nami napenda kumwambia hajui lolote.

Eda ilipotimia mwezi mmoja, mguu wa kushoto ulikuwa mzito hata ngazi naipanda nimeshika ukuta. Nilijaribu kuzunguka kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Kiwanda chenyewe hatua chache umegeuka, hatua chache umegeuka, mpaka kizunguzungu kikanikalisha chini. Binti yangu Ruwaida, aliyeolewa Mombasa, akawa kila akipiga simu analia.

"Mama, sheikh amesema kwa dharura ya afya unaweza kutoka. Toka mtana, utembee urudi kabla ya usiku."

"Nimeishi na babako maisha yangu yote," nilimwambia. "Eda yake sitaikata vipande vipande."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka, na nilimwambia wazi: siku eda itakapokwisha, niende Shela kwa miguu yangu. Sikutaka kubebwa na boti kama gunia la mchele, wala kupandishwa punda watu wakinishika huku na huku. Nilitaka niende kama nilivyokuwa nikienda naye, nifike kwenye ukuta wa makaburi nimesimama. Nisipoweza hilo, basi njia ile nayo ingekuwa imekufa, na ilikuwa ndiyo iliyobaki.

Ndipo Ruwaida akaniletea mashine ya kukimbilia.

Ilikuja na fundi wa duka alikoinunua, kijana wa bara anaitwa Kiptoo, mrefu, mpole, amevaa raba nyeupe ambazo hazikudumu nyeupe katika vichochoro vyetu. Kasha lilikuwa refu kuliko kona ya mtaa wetu. Walilisukuma, wakaligeuza, wakalisimamisha wima, punda wawili wakazuiwa nyuma yake na mwenye punda anatukana. Mwisho walilifungua pale pale njiani, na ndugu yangu Idarus, anayechonga milango, akapandisha kipande kimoja kimoja begani.

Kiptoo alitaka kupanda aifunge mwenyewe. Nikakataa. Si kwamba dini inakataza fundi kupita kwa adabu zake. Mimi ndiye niliyekataa. Mwenye nyumba ametoka juzi, na mwanamume wa kando aanze kupanda ngazi? Akakalishwa dakani, kwenye baraza za mawe mbele ya mlango, akaletewa kahawa na halua, na kazi ikafanyika hivyo: Kiptoo anapaza sauti kutoka chini, Idarus anaitikia kutoka juu, na mimi nimekaa katikati ya ngazi napeleka maneno yakipotea.

"Mzee, bolti usikaze kwanza! Ingiza zote, zishike kidogo tu kwa mkono!"

"Yuwasema usikaze," nikamwambia Idarus.

"Nimesikia. Mimi natia milango tangu yeye hayazaliwa."

Alikuwa amekwisha kukaza. Nguzo ya pili ikakataa kukaa kwenye tundu lake, ikabidi alegeze zote aanze upya, na matusi aliyoyasema yalikuwa ya chini chini kwa heshima ya marehemu. Zilipokaa zote, ndipo Kiptoo akamwambia sasa kaza, moja upande huu na moja upande wa pili, usimalize upande mmoja.

Kisha akauliza mashine itakaa wapi. Hapo vyumba vyetu vya kizamani vilitufaa. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi ni vyembamba, lakini marefu yake hayana mwisho. Kiptoo alisema isiwekwe katikati ya sakafu ya ghorofa, isogezwe karibu na ukuta ambako boriti zimeshikwa na jiwe. Nyuma yake paachwe wazi, pasiwe na kiti, kitanda wala sanduku, maana anayeanguka huanguka nyuma. Busati litolewe, lisizibe hewa ya mota. Waya uchomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ule waya wa kuunganishia wenye friji na pasi. Na nisikubali kupanda na kanga.

"Nivae nini basi?" nikauliza kwa sauti, nikasahau kwamba naongea na mwanamume.

Kiptoo akajibu kutoka dakani. "Mama, chochote kisichoburura. Na viatu. Usipande pekupeku."

Akanipandishia kupitia Idarus kifunguo chekundu chenye uzi na kibanio. Kifunguo kinakaa kwenye mashine, kibanio kinashika nguo yangu. Nikiteleza uzi unavuta, kifunguo kinachomoka, mashine inasimama. Aliyasema hayo mara tatu. Nikianza, nisimame kwanza pembeni, juu ya mbavu mbili zisizotembea, niwashe polepole, ndipo niweke mguu. Nikimaliza nisiruke ikiwa inakwenda. Na nisipoitumia waya uchomolewe na kifunguo kifichwe, watoto wa jirani wasije wakajaribu.

Usiku huo huo wifi yangu Shifaa, mke wa Idarus, alikuja kunitazama. Nilikuwa nimevaa suruali ya Ruwaida ya zamani na dera nililolikata likaishia magotini.

"Wifi," alisema, "hiyo ni nti gani, mtu aenda asifike?"

"Nenda zako, Shifaa. Usiniteke," nikamwambia, naye akazidi kucheka.

Lakini alikuwa amenena kweli, nchi ile haina kufika. Siku za kwanza nilitembea nikiutazama ukuta na zidaka zake, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na nilijiona mjinga. Hakuna upepo, hakuna harufu ya maji kupwa, hakuna wa kumhimiza. Kisha nikaanza kuigawa njia. Dakika za mwanzo ni forodhani. Jasho likitoka niko hospitalini. Pumzi ikibana ni pale ukuta wa bahari unapokwisha na mchanga unaanza, ambapo Abdulhalim alikuwa akivua viatu. Nikifika hapo nilikuwa nampa nafasi. Nilikuwa namsubiri, wallahi, juu ya mashine inayokwenda, nachelewesha hatua ili avue. Nilimtamani mpaka meno yakaniuma. Nilitamani hata zile salamu zake zisizokwisha.

Mguu ukaanza kunirudia. Ganzi ikashuka kutoka kwenye goti ikarudi vidoleni ilikotoka. Nilimpigia Ruwaida nikamwambia leo nimepita hospitali bila kushika mikono ya mashine, naye kwa mara ya kwanza akacheka.

Mwezi wa tatu ule mkanda unaotembea ukaanza kulia. Kelele nyembamba, kila mzunguko. Kiptoo alikuwa ameacha kichupa cha mafuta yake, lakini nani anajua kilipo. Shifaa alisafisha chumba siku moja na tangu hapo hakikuonekana. Nikamwita Idarus. Akapiga magoti, akasikiliza, akaondoka, akarudi na kopo la sifa.

Asiyeijua sifa ashukuru. Ni mafuta ya ini la papa, hupakwa vyombo vya baharini mbao zisioze. Harufu yake ukiipata asubuhi unalala nayo.

"Idarus, haya ni ya majahazi."

"Jahazi zima lapakwa sifa lenda Kismayu na kurudi," akasema, "seuze kipande hichi cha mpira?"

Akainua mkanda, akamimina. Kelele ikanyamaza mara moja, naye akanitazama kama aliyezaa. Nyumba ikanuka papa. Siku nyingine ningevukiza udi mpaka majirani wapige chafya, lakini niko eda, manukato ni haramu kwangu, basi nikakaa ndani ya harufu ile na machozi ya sifa machoni. Shifaa alikuwa anakuja ameziba pua na kanga.

Asubuhi ya pili nikapanda. Forodhani salama. Kabla ya hospitali mkanda ukasita chini ya mguu wangu, kisha ukaponyoka kwa nguvu. Miguu ikanikimbia. Nilisikia uzi ukivutika, kifunguo kikaruka, na mashine ikazima, nami nimekwisha kufika sakafuni nyuma yake nimekalia goti. Pangekuwa na kitanda pale nyuma ningekuwa nimepasuka kichwa. Hapakuwa na kitu.

Goti likavimba. Kiptoo, kwa simu, alipumua kwanza kwa muda mrefu. Akasema chomoeni waya, toeni kifunguo, ndipo mguse chochote. Futeni chini ya mkanda na kitambaa kikavu, kisha chenye sabuni kidogo, kisha kikavu tena, mpaka kisitoke na rangi, mwache pakauke kabisa. Alituma kichupa kingine kwa basi na boti, mafuta ya silikoni, matone machache tu, si kumimina. Halafu akamwelekeza Idarus namna ya kuurudisha mkanda katikati, ule ufunguo wa pembe sita, robo ya mzunguko, asubiri aone, robo tena. Idarus alifanya yote hayo bila kusema lolote kuhusu majahazi.

Nami nikawa nimelala na mguu juu ya mto. Siku zile ndizo mbaya kuliko za msiba wenyewe. Msiba ulikuwa na watu. Sasa nilikuwa nahesabu zilizobaki na goti lilivyo, na nilijua kwamba kama halishuki, Ruwaida atanikodia boti, watanishika mabega kwenye ngazi za gati ya Shela, na nitakuwa mama mkongwe aliyeletwa kuona kaburi. Nilimlilia Abdulhalim kwa sauti. Nilimwambia ningoje. Mtu aliyekwisha kufika unamwambia ningoje.

Uvimbe ulipopungua nikaanza upya, taratibu kuliko mtoto. Shifaa alikaa kwenye kiti kando, si nyuma, akishika mwisho wa dera langu na kuniambia habari za mji. Wiki ya mwisho nilifika pale mchanga unapoanza, nikapita.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikajitia udi mpaka nywele. Ruwaida alikuwa amekuja. Baada ya alfajiri tukatoka. Kizingiti kilinishinda kidogo, macho yakawa hayaamini upana wa mbingu, halafu miguu ikaijua njia. Watu walitusalimia na mimi nikasimama kwa kila mmoja, nikauliza hali za jamaa zake wote, Ruwaida akinivuta mkono. Tulifika Shela jua linachomoza. Sikushikwa na mtu.

Nilisimama nje ya ukuta wa makaburi nikamsomea Fatiha. Kaburi lake halina tofauti na mengine, mchanga na jiwe la kichwani. Nikamwambia, nimekuja kwa miguu. Nililia, lakini kilikuwa kilio chepesi, na moyo wangu ulikuwa umejaa furaha, sitaficha. Tukanywa chai kwa dada yake. Tukarudi Amu na boti kama desturi.

Forodhani Ruwaida alipita kununua mahamri, nami nikatangulia. Nilikuwa natembea haraka. Nilikuwa na mengi: nani anajenga ghorofa njiani, nani ameuza shamba, goti halikuuma hata kidogo. Nikasukuma mlango, nikaita kama ninavyoita siku zote nikitoka mahali peke yangu, "Assalamu alaikum, nimerudi!"

Nikangoja aitikie.

Miezi yote ile nilikuwa najua hayupo. Nilijua kitandani, nilijua mezani, nilijua hata juu ya mashine. Lakini sikuwa nimetoka, na asiyetoka haingii. Hii ndiyo mara ya kwanza nimerudi nyumbani nikamkuta hayupo.

Kuna salamu ya kuingilia nyumba isiyo na mtu. Walitufundisha chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tukiwa wadogo, pamoja na dua ya kula na dua ya kulala, na mimi sikuwa nimepata kuihitaji, maana kila niliporudi palikuwa na wa kuniitikia, kwanza mama yangu, kisha yeye. Nikasimama kizingitini nikaitafuta neno kwa neno mpaka ikaja. Assalamu alayna wa ala ibadillahis swalihin. Amani iwe juu yetu, na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu.

Nikaisema mpaka mwisho, nikaingia.