Mbuzi Sita wa Stoo

Barua ya mkurugenzi ilikuwa ya mstari mmoja: "Andaa mbuzi wote sita kwa maonyesho ya mifugo." Niliisoma nimesimama kwenye ngazi ya stoo ya makumbusho, kitambaa cha vumbi begani. Makumbusho yetu hayana mbuzi hata mmoja. Tuna mbuzi sita za kukunia nazi, rafu ya kumi na nne, meno yake ya chuma yameliwa na kutu.

Kosa lilikuwa langu. Miaka tisa nyuma, wiki yangu ya kwanza, nilipewa kadi elfu mbili niziingize kwenye kompyuta. Kadi ilisema "mbuzi", basi. Kompyuta ikauliza kundi, nami macho yakiwa mazito nikabonyeza "wanyama". Tangu siku hiyo wamekaa humo kama mifugo halali, wala hakuna aliyeuliza wanakula nini.

Miaka tisa hiyo yote ni ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nimeandika namba kwa wino chini ya kila chungu humu ndani, lakini kwenye orodha ya watumishi mimi simo. Sasa nafasi ya mhifadhi wa kudumu ilikuwa imetangazwa. Usaili ulikuwa kesho yake saa nne, na mwenyekiti ni mkurugenzi huyohuyo.

Fundi seremala wetu aliingia na futikamba yake.

"Nimeagizwa zizi," alisema. "La mbuzi sita. Hivi wana pembe?"

"Wana meno."

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Kisha akafuta macho. "Dada, uchune, usiseme kitu. Pata kazi kwanza, hao mbuzi watajijua wenyewe."

Ushauri ulikuwa mtamu, na nilikuwa nimechoka kiasi cha kuutaka. Lakini mabango ya maonyesho yalikuwa yanakwenda kuchapwa mchana wa siku ya usaili, na mimi ndiye niliyewaingiza zizini.

Kwenye usaili, wasaili walikuwa watatu. Mkurugenzi akaniuliza, "Tutajie jambo uliloliona wewe na sisi hatukuliona."

Nikajikaza. "Wale mbuzi, mkurugenzi, si wale. Ni zile."

"Zile zipi?"

"Za kukunia nazi. Niliyekosea kuandika ni mimi."

Mama wa utumishi alijifunika mdomo kwa faili, mabega yakimtikisika. Mkurugenzi hakucheka. Alivua miwani, akanitazama. "Sasa rejista yetu tuiamini vipi?"

Nilikuwa na jibu refu la miaka tisa, ila nguvu ya kulisema sikuwa nayo. Nikasema tu kwamba nimeshasahihisha.

Wiki ya pili barua ikaja. Nafasi amepewa mwingine, na mimi nimeongezewa miezi mitatu. Mstari wa mwisho uliniomba nimtembeze mhifadhi mpya stoo nzima, "kwa kuwa unajua kila kitu kilipo". Mstari huo ndio ulioniuma. Kazini nilijizuia, nikalia njiani.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, amekaa juu ya mbuzi yake, anakuna.

"Umepata?"

"Sijapata, mama."

Aliinuka taratibu, magoti yake yale mabovu, akaipangusa mbuzi kwa kiganja. "Haya, njoo umalizie wewe. Hiyo mikono ipate kazi."

Kabla sijakaa niliipindua kwa mazoea, nikachungulia upande wa chini. Palikuwa peupe, mbao tupu.

"Unatafuta nini?"

"Namba."

"Namba ya nini, na mimi najua ni yangu?"

Nikakaa, nikashika kizio cha nazi, nikaanza kukuna.