Jina la Mgongoni

Mwaka ule wa themanini na mbili watu walikosa sabuni, wakakosa sukari, wakakosa hata viberiti, lakini kilichomkereketa Lukresia moyoni ni khanga. Duka la ushirika Kagongwa lilikuwa limepata mgao wa nguo, kila mtu achague aina moja tu, na mgao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, huenda usirudi tena mpaka mwaka wa pili. Na ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyewashawishi wenzake sita waziache khanga, wachukue kitambaa cheupe cha marekani washone sare.

Wanawake hao saba waliwapikia wafanyakazi wa kinu cha kuchambulia pamba, na Lukresia alikuwa mkuu wao. Kabla ya msimu, bwana afya, jina lake Athanas, alikuja akatangaza kwamba kinu kikifunguliwa, mpishi asiyevaa gauni jeupe lenye jina la mgahawa kifuani hatapita getini. Akaongeza, tena kwa tabasamu, kwamba kuna kikundi cha wapishi cha Nyahanga kimejiandaa tayari. Kazi ile ndiyo iliyowalishia watoto wao. Hapakuwa na kazi nyingine.

Wenzake walinuna. Limi, mkata nyama mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake, alimwambia Lukresia wazi.

"Mama Silvesta, khanga yangu imebaki nyuzi. Jumapili nitajifunga nini, gunia?"

"Vumilia, mayu, mama yangu. Tukifukuzwa getini, hiyo khanga mpya utaivaa ukienda kuomba unga kwa jirani?"

Limi alisonya, lakini akakubali. Wote wakakubali. Sasa basi, mtu aliyebebeshwa imani ya wenzake namna hiyo hawezi kufanya mambo kijuujuu, na Lukresia hakufanya. Alikwenda Shinyanga mjini kwa Cornel, yule aliyekuwa akiandika vibao vya maduka na kuchapa maandishi kwenye nguo, akamwomba amchapie kwanza kipande cha kujaribia. Cornel akamchapia, herufi nyekundu za kupendeza. Lukresia alirudi nacho Kagongwa akakichemsha kwenye maji ya majivu, maana ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu sote, akakipiga juu ya jiwe, akakianika kwenye jua kali, kisha akaanza upya. Alikitesa hivyo mpaka Limi akamuuliza kile kitambaa kilimkosea nini. Herufi hazikutikisika.

Hapo ndipo alipompelekea Cornel magauni yote saba yakiwa yameshonwa, pamoja na malipo waliyochangishana: dumu la mafuta ya pamba na gunia la mchele. Mafuta! Mwaka ule watu wa mjini waliyaota usingizini. Cornel aliyapokea kwa mikono miwili na kumwita Lukresia mama yake mzazi.

Siku ya kuchukua, alimkabidhi magauni yamekunjwa vizuri, vifua juu, yamefungwa kamba. Lukresia alivikagua vifua vyote, kimoja baada ya kingine. MGAHAWA WA AKINA MAMA KAGONGWA. Safi kabisa. Akayabeba mpaka nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani Limi akakunjua la kwake, akaligeuza, akanyamaza. Limi kunyamaza si jambo la kawaida, kwa hiyo wote wakasogea. Mgongoni, kwa herufi ndefu kama kiganja, palikuwa pameandikwa: SARE NA MABANGO, CORNEL, SHINYANGA. Herufi za kifuani ungeweza kuzifunika kwa kidole gumba.

"Kumbe tumeajiriwa na Cornel," Limi akasema. "Mshahara lini?"

Ujeuri gani huo! Umpe mtu nguo yako, umpe mafuta yako na mchele wako, halafu akugeuze kibao cha duka lake, utembee nacho bure mpaka kichakae! Lukresia alitaka kurudi Shinyanga saa ile ile kwa hasira. Lakini siku ya kufungua kinu ilikuwa imekaribia, akaimeza. Akajisemea, bwana afya anasoma vifua.

Walizivaa sare hizo kwa mara ya kwanza kuwapikia mafundi waliokuwa wakisafisha mashine. Zikapata masizi na mchuzi, kama nguo yoyote ya jikoni, wakazifua kama walivyofua kila kitu. Zilipotoka kwenye maji, jina la mgahawa halikuwepo. Lilibaki doa jekundu lililochujuka, kila kifua kama mtu aliyetokwa damu ya pua.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Lukresia. Bernadina, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alitundika gauni lake uani akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata wakiangalia chini. Lukresia alijua wanawaza khanga zao zile, na kwamba wana haki ya kuwaza. Machozi yalimlengalenga.

Akachukua gauni lake mwenyewe alianike, akaligeuza upande wa pili. Mgongoni Cornel aling'aa. Hakuna herufi iliyopauka, hakuna ukingo uliovuja. Nyekundu ile ile ya kile kipande cha kujaribia.

Lukresia alisimama pale akilitazama, na polepole akaelewa. Mtu huyu alikuwa na rangi mbili. Nzuri alijipaka yeye.

"Limi!" aliita. "Waite wote warudi. Kesho mtavaa."

"Tuvae nini, mama? Haya madoa?"

"Hayo hayo. Lori la mbegu za pamba linakwenda Shinyanga asubuhi, na sisi tumo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na kibanda cha Cornel kilijaa wateja. Mwalimu mmoja alikuwa ameleta jezi za shule yake, na Paskazia, kiongozi wa kwaya, alikuwa na majoho mikononi. Cornel aliwaona wale wanawake saba wakiteremka kwenye lori na uso ukambadilika, lakini adabu hakuisahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Lukresia akajibu. Hasira ni hasira, na salamu ni salamu. "Tazama kazi yako."

Cornel alivitazama vile vifua, kisha akawageukia wateja kwa kicheko kidogo. "Mlizifulia nini, mama?"

"Maji ya majivu."

"Ah! Si ndiyo hayo! Majivu yanakula rangi. Rangi ya kisasa inataka sabuni ya unga na maji baridi. Watu wa vijijini mnaharibu vitu wenyewe, halafu mnakuja kunichafulia jina."

Mwalimu alitabasamu. Paskazia alitikisa kichwa kwa huruma ya kukera. Lukresia akahisi damu ikimpanda mpaka masikioni.

"Akina mama," alisema, "geukeni."

Wakageuka wote saba, na yeye akiwemo. Barabara nzima ikasoma: CORNEL, CORNEL, CORNEL.

"Sasa niambie," Lukresia alisema akiwa amempa mgongo, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo. "Hili jina lako nalo lilifuliwa kwa sabuni ya unga? Chungu kilikuwa kimoja. Majivu yale yale, jiwe lile lile. Mbona wewe hukuliwa?"

Mwalimu alikwishaanza kukusanya jezi zake.

"Ngoja, mwalimu... Mama, rangi nzuri ni ya shida, jamani. Nina kopo moja tu."

"Na katika kopo hilo moja ukaona ujipake wewe, mgongoni kwangu, kwa mafuta yangu!"

Watu walicheka, na safari hii si kwa kumfurahia Cornel. Paskazia akakumbatia majoho yake kifuani, akarudi nyuma hatua.

Kopo likatolewa. Madoa hayakutoka, kwa hiyo ilibidi vipande vyeupe vishonewe juu yake, na nguo nyeupe mjini haikuwepo hata ya kufungia kidonda. Mke wa Cornel akaingia ndani, akarudi na shuka ya kitanda chao. Aliichana yeye mwenyewe mbele ya mumewe. Vipande vikashonwa, vikachapwa, vikakauka juani, huku Lukresia ameketi kwenye stuli akitazama ile rangi inatoka kwenye kopo lipi.

Kazi ilipokwisha Cornel alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaja kwa unyonge.

"Geuka, mama, nilifute hili jina langu."

"Usiliguse," Lukresia alisema. "Likae hapo hapo. Huku mbele kukifutika tena, kila atakayeniona atasoma nyuma ajue aliyenidhulumu ni nani na anakaa wapi."

Akapanda lori na wenzake, wakaondoka na jina la Cornel migongoni.