Mstari Katikati ya Bakuli

…kete sita, amesema kete sita, kana kwamba ushanga mwekundu unaota vichakani kama uyoga, na Yakubu amekwisha kutoa tatu, amezitandika juu ya mkeka uzi kwa uzi mbele ya macho yake, tatu ndiyo bei ya wali wa mtu mmoja na kuku wake, aliiuliza kabla hajaketi, yeye huuliza kabla ya kuketi, hajawahi kula cha mtu halafu akaanza kubishana akiwa na shibe, na mama huyu Waridi amesimama tu, mkono wazi, mkono unaong'aa mawese mpaka kifundoni, zile tatu hata haziangalii, "Baba, bakuli ni la watu wawili, kete sita", "Nimekula nusu, mama, tazama mwenyewe", na ni kweli, macho ya mtu hayawezi kukataa, nusu ya bakuli ni tupu na imefutwa safi, nusu ya pili wali umesimama wima kama ukingo wa mto uliomegwa na maji, paja la kuku na bawa lake vimelala juu yake havijaguswa, na katikati mstari, mstari alioupiga kwa kidole kabla ya tonge la kwanza, kama alivyoupiga kila siku ya safari, "Mimi sipimi tumbo lako", anasema Waridi, "napima kilichotoka chunguni, nilikuuliza uko peke yako, ukanijibu nini?"

Alijibu nini… alijibu wawili. Kinywa kilijibu chenyewe, kimezoea, maana katika msafara posho hutolewa kwa jozi, mmoja anasimama mbele ya mnyapara na kibaba chake, mnyapara anauliza wangapi, nawe unasema wawili, unapimiwa unga wa wawili, unaurudisha kambini kwa mwenzako wa bakuli, na mwenzake alikuwa Amuri, Amuri ambaye hakusimama kwenye mstari wa posho hata siku moja tangu walipotoka Kabambare, alikuwa akilaza kichwa juu ya pembe yake ya ndovu na kusema nenda weye, Yakubu, weye unajua hesabu, mimi najua kula. Na hesabu kweli anaijua, hakufundishwa na mwalimu yeyote, aliisoma mwenyewe katika alama za mizigo, mchoro huu kumi, mchoro ule ishirini, mpaka wanyapara wakaogopa kumpunja, Yakubu wa haki, ndivyo walivyomwita, wengine kwa heshima na wengine kwa kumkebehi, naye hakujali, mtu akimpa haki yake atamsalimu, akimnyima atampiga konde, basi. Hata asubuhi ile baada ya kijiji cha Lusangi, akiwa tayari peke yake, mnyapara aliuliza wangapi naye akasema wawili, mnyapara akashika kibaba hewani… na leo tena, mbele ya mama wa watu.

"Lipa, ndugu", anasema mmoja wa wanaume watatu wanaokula kwenye mkeka wa jirani, mdomo umejaa, "ama mwenzako ni jini, anakula harufu tu?" Wanacheka. Siku nyingine angekuwa amekwisha kusimama. Leo amekaa tu upande mmoja wa mkeka, na upande wa pili ameuacha wazi bila kujua, tangu alipoketi, mahali pa mutu, kama Amuri anavyotamka.

Ni Amuri aliyemfundisha mji huu kabla hajauona. Njiani, tumbo likilia, mzigo begani, Amuri huanza, Kasongo si mji wa kula ovyo, Kasongo ni mkubwa, mutu anaweza kufa njaa sokoni na ushanga shingoni, sikiliza, ukifika usinunue chakula karibu na nyumba za matajiri, kule wanauza jina, shuka mlango wa chini wa soko, pale wanapoingia watu wa mto Lualaba, iko mama mmoja mwenye kengeza, samaki wake wa mawese na pilipili, anza na kichwa, mkia waachie wajinga. Na tembo la mchikichi, usinywe sokoni, sokoni ni maji na uongo, pita mashamba ya mpunga, iko mzee amejenga kibanda chini ya michikichi yake mwenyewe, umkute kabla jua halijapanda, mchana limekwisha kuchacha. Na mwisho, nyuma ya msikiti wa udongo, karibu na maghala, kwa Waridi, wali mpya na kuku, lakini kwa Waridi huendi peke yako, bakuli lake linataka watu wawili, mmoja wa kula na mmoja wa kumzuia. Alikuwa akiyasema hayo kila siku mpaka wenzao wakamrushia magome, nyamaza weye, unatuua. Yakubu ana siku tatu mjini. Siku ya kwanza alikwenda kwa mama mwenye kengeza, akaanza na kichwa, ilikuwa kama alivyoambiwa. Siku ya pili kibanda cha mzee, alfajiri, tembo tamu, povu lake kama maziwa, akanywa kibuyu nusu akaondoka. Alikuwa akienda polepole makusudi. Alikuwa akimpa mtu muda wa kufika.

Maana Amuri mwenyewe alisema. Ndui ilikuwa imekwisha kumfunga jicho moja, watu wa Lusangi wamekataza asiingie kijijini, wapagazi wamemjengea kibanda cha majani kando ya njia, na mwenye msafara hangoji mtu, pembe hazingoji, na Amuri akasema tangulia, nikipona nitakukuta kwa Waridi, usinimalizie kuku. Alisema hivyo. Alicheka hata, midomo imepasuka. Naye Yakubu akafungua mfuko wa unga, akaumwaga juu ya jani la mgomba, akapiga mstari katikati kwa kidole. Nusu kwa nusu. Amuri akautazama mstari ule kwa jicho lake moja, akasema, umepima vizuri…

"Wali unapoa", anasema Waridi, sasa kwa sauti ya chini, huenda ameona kitu usoni mwake, "sikia, baba, mimi si mwizi. Kama mwenzako anakuja, mwite. Kama haji, sema tu haji, nitarudisha hiki chunguni, nichukue hizo tatu, twende zetu." Neno moja. Haji. Yakubu wa haki amesema maneno makali kuliko hilo mbele ya watu wakubwa kuliko huyu, na hili moja limekaa juu ya ulimi kama mwiba wa samaki, kwa sababu nani amemwambia kwamba haji, ni siku nane tu, watu hupona ndui, yule mwanamke wa Lusangi alipona, uso wake wote ni matundu, alisimama mbali akasema nitamtilia maji na kumpikia uji mpaka apone ama afe, mnipe kete kumi. Kumi. Na kiunoni Yakubu alikuwa na kete kumi na nne. Akampa tano. Akasema hizi ni nusu yangu, nusu ya pili atalipa yeye mwenyewe akipona, kila mtu na lake, ndivyo sisi tunavyoishi. Na alijua mfuko wa Amuri ulikuwa mtupu, uliishia Kabambare kwa ndizi za kuchoma na tembo alilowanunulia kambi nzima, yeye Yakubu akiwamo, alikunywa lile tembo, hakupiga mstari kwenye kile kibuyu, wala Amuri hakumwambia apige. Mwanamke alizishika zile tano, akaziangalia, akaangalia kibanda. Na ngoma ya msafara ikalia, naye akajitwika pembe, hakugeuka, alisema moyoni nimetenda haki, nimetenda haki, mpaka mto wa pili… unga mkavu juu ya jani, na mutu asiyeweza kuinua kata ya maji. Tangu lini nusu ya uji ikamwinua mgonjwa. Tangu lini nusu ya mwanamke ikakaa na mtu usiku.

Tisa zilibaki kiunoni. Samaki, tembo, hizi tatu mkekani. Akilipa nyingine tatu hatabaki na kitu hata cha chumvi, na bado itakuwa pungufu, anaihesabu vizuri sasa, itakuwa pungufu sana. Paja la kuku limeanza kuganda mawese. Ule mstari, wali umeanza kuporomoka kidogo, punje moja, punje mbili, kutoka upande wa Amuri kuja upande wake.

"Anakuja ama haji?" anauliza Waridi.

Yakubu anatazama njia ya maghala.

"Basi ni watu wawili", anasema Waridi, na mkono wake bado uko pale pale. "Lete sita zangu."