Kitufe Kilichomstaafisha Mke Wangu

Mke wangu alikuwa karani wa maabara ya hospitali, na kwa kuchapa hakuwa na mpinzani. Macho kwenye karatasi ya majibu, vidole kwenye kibodi, na papo hapo anakuuliza habari za watoto. Wenzake walimwita Cherehani. Kipanya hakukigusa, alisema kinamchelewesha.

Kisha ikaletwa programu mpya yenye madirisha mengi: la mgonjwa, la vipimo, la malipo. Majibu yakaanza kupotea, tena ya kwake tu. Wenzake, wale wa kudonoa herufi moja moja na kubofya kwa kipanya, hawakupoteza kitu. Mgonjwa akirudi, jibu lake halipo, anatobolewa sindano upya, na lawama zote kwa Cherehani.

"Labda umechoka, mama," mkuu wa maabara alimwambia, kwa ule upole unaotia hasira.

Alirudi nyumbani akaninyooshea mikono. "Hebu tazama. Inatetemeka?"

"Haitetemeki hata kidogo."

"Unanihurumia tu."

Akaacha kazi. Inaniuma kwamba kati yetu sote hakuna aliyefikiria kuishuku mashine.

Aliyeshika nafasi yake naye alikuwa mwepesi wa vidole, ila na mdomo alikuwa nao. Majibu yalipompotea siku ya kwanza, hakuitazama mikono yake. Alimpigia simu fundi wa programu akamfokea: "Njoo ukae hapa uone uchafu wako!"

Fundi akaja, akakaa, akaona. Karani akiwa katikati ya kuandika, dirisha la malipo lilijifungua lenyewe na kumnyang'anya kibodi, na kitufe cha kwenye skrini kilichowekwa kuitika Enta ya kibodi hakikuwa "Hifadhi", kilikuwa "Futa". Mtu wa kipanya aliona kitufe kabla ya kukibofya, akasalimika. Mwenye kasi alibonyeza Enta akidhani anahifadhi, akaifuta kazi yake mwenyewe.

"Kurekebisha kumechukua asubuhi moja tu," fundi alituambia sebuleni kwetu, kichwa chini. Asubuhi moja! Mimi ni fundi bomba, na siku hiyo nilitamani kumtoa nje kwa spana. Lakini alikuwa amekuja kuomba radhi, na alileta ujumbe wa mkuu kwamba Cherehani arudi kazini. Akafungua kompyuta yake mezani.

"Jaribu, mama. Sasa dirisha halikukatizi, na ukibonyeza Enta inahifadhi."

Mke wangu alivuta kiti. Nikatega sikio, maana nilitamani sana kuisikia ile kasi yake. Akaandika kwa kidole kimoja. Herufi moja, anatazama skrini. Herufi nyingine, anatazama tena. Jina la mgonjwa wa mfano lilipokamilika, kidole kikasimama juu ya Enta.

"Nibonyeze?"

"Bonyeza tu, mama," fundi akasema.

Hakubonyeza. Alinigeukia mimi, ambaye kompyuta sijawahi hata kuiwasha.

"Eti, baba watoto, nibonyeze?"